Mvua ya Ororo

Januari 2025 pamba yetu ilifika usawa wa goti ikasimama hapo. Tuliipanda mwishoni mwa Novemba, ikapata mvua mbili nzuri za Desemba, halafu anga la Mwandoya likafunga. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa mashariki, kule kwenye Pori la Akiba la Maswa na Serengeti, yakatuonyesha radi kwa mbali, kisha yakatawanyika. Mama alikuwa akitoka nje, anatazama, anarudi ndani bila kusema kitu. Mbegu na dawa tulichukua kwa mkopo unaokatwa siku ya kuuza, kwa hiyo kila siku ya jua ilikuwa na hesabu yake.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma komiki.

Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni Mwanza hunitumia kila toleo jipya linapotoka. Sitadai kwamba kila ukurasa niliowahi kusoma ulilipiwa. Mtandao ukiwa mzuri naanza kusoma nikiwa bado njiani. Ukiwa mbaya nakaa chini ya mwarobaini karibu na duka la kuchajia simu mpaka kurasa zote zifunguke. Mfululizo wenyewe unaitwa Storm. Ulianza Oktoba 2024, uliandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck. Nimeupenda kwa namna ambayo mtu mzima anatakiwa aone aibu kidogo. Nilikuwa nikienda shambani kupalilia huku nikiwaza kama Ororo atapona.

Jioni moja Bibi alinikuta natabasamu na simu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anabangua karanga.

"Mke mwenzangu, ni nani huyo anayekuchekesha?"

Nikamsogezea simu. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mweusi, nywele nyeupe kabisa, macho meupe yasiyo na mboni, amesimama hewani radi zikimzunguka. Nikamweleza kwa Kisukuma kwamba huyu anaita mvua, upepo na radi, na vinamtii.

"Wa wapi?"

"Mama yake ni wa Kenya. Lakini yeye nguvu zake alizizoea Serengeti."

"Serengeti hii?"

"Hii hii, Bibi."

Alimtazama sana. Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kulikuta kwa shabiki yeyote wa komiki: "Akiita mvua isije, anaulizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo mwaka mzima, nikirudi kwenye kurasa za zamani na za sasa, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

*

Kwa ambao hawamfahamu: Storm ni mmoja wa X-Men, kundi la mashujaa wa kampuni ya Marvel. Hawa ni mutanti, watu waliozaliwa na uwezo wa ajabu ambao kwa kawaida hujitokeza wanapobalehe. Wanailinda dunia, na dunia inawaogopa na kuwachukia. Jina lake halisi ni Ororo Munroe. Baba yake ni mpigapicha za habari, Mmarekani. Mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Wakiwa Cairo mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, nyumba yao iliangukiwa na ndege, wazazi wakafa, na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi kando ya mwili wa mama yake. Ndiyo maana mpaka leo, pamoja na nguvu zake zote, Storm hawezi kukaa sehemu finyu. Alikuwa mwizi wa mitaani Cairo, halafu akatembea kwa miguu kuelekea kusini mpaka kwenye nyanda za Serengeti, na huko watu wakamwita mungu.

Komiki hudai kwamba jina Ororo lina maana ya uzuri. Sisi tunaosema "ngozi nyororo" tunalisikia vingine. Kwetu ni neno la ulaini, la kitu kisichokwaruza mkono. Nafurahi kwamba hakuna aliyetuuliza, kwa sababu maana yetu inamfaa zaidi: mwanamke ambaye kila mtu anaona radi yake, na jina lake linasema ni laini.

Mimi nilimfahamu kwa mlango wa nyuma. Nilipokuwa darasa la nne, banda la video lilionyesha ile filamu ya X-Men ya mwaka 2000, Halle Berry akiwa Storm, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa ule mtindo ambao Lufufu aliufanya ujulikane nchi nzima: mtu mmoja anasema sauti zote, anaeleza, anatania, anawaonya wahusika. Mtafsiri wetu hakujua jina la Storm, au hakulijali. Alimwita "mama wa mawingu." Kila alipopaa, banda lote lilipiga kelele. Nilikuwa nimeshazoea hadithi za picha kupitia magazeti chakavu ya Sani ya mjomba wangu, nikiwafuata Ndumilakuwili na Madenge kwa matoleo yasiyofuatana, nikijaza mapengo kwa akili yangu. Lakini katika Sani watu walikuwa wa Dar es Salaam, wajanja na walevi na wapenzi. Huyu mwanamke alikuwa anafanya kazi ambayo kwetu ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

*

Sasa turudi mwanzo wake. Storm alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, hadithi ya Len Wein, michoro ya Dave Cockrum. Profesa Charles Xavier anazunguka dunia akikusanya mutanti wapya, na mmoja wao anampata Kenya. Kuna ukame. Watu wanakuja mbele ya mungu wao kuomba mvua. Ororo anainuka angani, mvua inanyesha, watu wanashangilia. Kisha Xavier anatokea na kumwambia kwamba yeye si mungu, ni mutanti, na ana wajibu kwa dunia iliyo kubwa kuliko hapo. Ororo anakubali. Anaondoka naye.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa chuo, nilisisimka. Nilipoirudia baada ya swali la Bibi, niliona kitu ambacho sikukiona kabla. Katika komiki hiyohiyo, Xavier anamfuata Colossus kule Urusi. Colossus anamwokoa mdogo wake asigongwe na trekta. Mdogo huyo ana jina, Illyana. Kuna wazazi. Colossus anauliza kama nguvu zake si mali ya taifa lake, anaaga, anakumbatiwa. Wale watu wa Ororo hawana jina hata mmoja. Hakuna anayemuuliza anakwenda wapi, atarudi lini, na mwakani mvua wataomba kwa nani. Wapo ili atuonekanie mkubwa, na Xavier akishafika hawahitajiki tena.

Shabiki mwenzangu anaweza kuniambia kwamba ile ni kurasa chache tu za komiki ya miaka hamsini iliyopita, iliyoandikwa na watu ambao pengine Afrika Mashariki waliijua kwa ramani, tena ramani yenyewe wakaisoma kwa haraka, maana Serengeti wameipeleka Kenya yote. Ni kweli. Lakini hadithi zinazoendelea zina tabia moja ambayo msomaji wa Sani anaijua: kilichoachwa kwenye toleo la kwanza hakiondoki. Kila mwandishi anayekuja anakikuta pale. Waandishi wa Storm wote wamekikuta kile kijiji kikiwa kimesimama kwenye mvua ya siku moja, na karibu wote wamekipita.

*

Bibi hakuliokota swali lake hewani. Alizaliwa wakati Usukuma bado una watemi. Ntemi alikuwa na mambo mengi ya kusimamia, lakini hakuna lililozidi mvua. Walikuwapo mafundi wa mvua waliofanya kazi chini yake, yalikuwapo matambiko, na juu ya yote ulikuwapo uelewa kwamba afya ya nchi na afya ya ntemi ni kitu kimoja. Ukame ukizidi, ntemi angeweza kupoteza kiti chake. Mvua ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na anwani.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Siandiki haya kwa kutaka watemi warudi. Sina hamu ya kutawaliwa na mtu kwa sababu ya ukoo wake. Ninachosema ni kwamba kiti kiliondoka na ukame ukabaki. Mvua inapokataa, watu bado wanatafuta mtu wa kumuuliza. Na kwetu, kwa miaka mingi, aliyepatikana ni mwanamke mzee.

Msomaji wa mbali huenda halijui hili, kwa hiyo niliseme wazi. Katika mikoa yetu, Shinyanga, Mwanza, Simiyu na majirani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi, na ushahidi mara nyingi umekuwa macho mekundu. Macho hayo yana sababu. Nchi yetu haina miti mingi. Tunapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na mwanamke aliyepika kwenye moshi huo miaka hamsini macho yake yanakuwa mekundu.

Bibi yangu ana macho mekundu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka ambao mvua zilikatika mapema na ng'ombe wa jirani wakafa mfululizo, maneno yalianza kupita. Hakuna aliyetuambia kitu usoni. Mama alisikia kisimani, kwa namna wanawake walivyonyamaza alipofika. Wiki hiyo Bibi alihamishwa kutoka kwenye kibanda chake, akaletwa kulala chumba kimoja na mimi. Mjomba alilala sebuleni na fimbo kwa miezi miwili. Haikutokea kitu. Mvua ilirudi, maneno yakaisha, na tunasalimiana na watu walewale "mwangaluka" kila asubuhi.

Ndiyo maana alimtazama sana yule mwanamke wa kwenye simu. Mimi nilimwonyesha shujaa. Yeye aliona mwanamke mwenye nywele nyeupe na macho yasiyo ya kawaida anayesema hadharani kwamba mvua ni yake, na akajua kabisa mambo hayo huishia wapi. Wasomaji wa Marekani wamezoea kueleza kwamba chuki dhidi ya mutanti ni mfano wa ubaguzi wa rangi, au wa chuki dhidi ya mashoga, au ya Wayahudi. Yote hayo yamo. Lakini nikiwa nimelala chumba kimoja na Bibi nikisikiliza mlango, X-Men haikuwa mfano wa kitu kingine kwangu.

*

Yupo mwandishi mmoja wa zamani aliyelikaribia swali la Bibi. Chris Claremont alimwandika Storm kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na mwaka 1984 akamnyang'anya nguvu zake. Storm anapigwa na silaha iliyokusudiwa mtu mwingine, anaamka hana upepo wala mvua. Mwaka uliofuata, katika Uncanny X-Men namba 198, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, anatembea Afrika kwa miguu kama mtu wa kawaida. Anakutana na msichana mjamzito anayerudi kijijini kwao. Msichana anaitwa Shani, neno ambalo kwa Kiswahili ni jambo la ajabu, yaani marvel hasa. Wanafika kwenye kijiji ambacho ardhi yake imechoka. Mtoto anazaliwa kwa shida, Storm akisaidia kwa mikono yake. Na mzee wa kijiji, kwa kuwa ardhi ile inatosha idadi fulani tu ya watu, anajiondokea kufa ili mtoto apate nafasi.

Naipenda sana hadithi hii na nabishana nayo kila ninapoisoma. Naipenda kwa sababu hapo tu ndipo Ororo anakanyaga vumbi na kuwajua watu kwa majina. Nabishana nayo kwa sababu yule mzee anakufa kwa amani mno. Kijiji cha Claremont kinafundisha hekima, na hakimuulizi mgeni chochote. Ningekuwa mimi, nisingemwacha mwanamke aliyewahi kuitwa mungu wa mvua apite hapo bila kuambiwa, "Ulikuwa wapi?"

*

Ndipo nafika kwa Ayodele na sababu ya kutabasamu kwangu chini ya mwarobaini.

Toleo lake la kwanza linaanza kwa maafa. Kituo cha nyuklia kinalipuka Oklahoma City. Storm anaingia, anaokoa watu, anauzuia moto usifike mjini. Ingeweza kuishia hapo, nasi tungepiga kelele kama bandani. Lakini anagundua chanzo: kijana mmoja mutanti ambaye nguvu zake zimejitokeza ghafla. Sasa swali si kuzima moto tena. Ni kama aueleze umma ukweli huo, akijua chuki itakayowaangukia mutanti wote, au anyamaze. Na wakati analibeba hilo, mwili wake unaanza kudai malipo. Ile mionzi aliyoikumbatia imemwingia. Ororo ni mgonjwa wa kufa.

Katika miaka yangu yote ya kumsoma, hapo ndipo niliona mwandishi akimweka Storm mbele ya watu wenye haki ya kumhoji. Nguvu yake ina bei, na bei hiyo haimwangukii mwanakijiji asiye na jina. Inamwangukia yeye mwenyewe. Sijui kama Ayodele alikua akisikia habari za wafalme wa mvua kama sisi, lakini anaandika kama mtu anayejua kwamba anayeshika mbingu anashikwa na nchi. Werneck naye anamchora kwa namna ninayoishukuru: ni mkubwa, mzuri, amevaa kama malkia, na bado kuna kurasa ambazo uso wake umechoka kama wa mama yangu akitoka kutazama mawingu.

Sitaki shabiki aliye ndani yangu amfiche mkosoaji. Mfululizo huu una makosa. Unakimbia. Jambo ambalo lilistahili matoleo matatu linapewa kurasa sita, na wageni kutoka mifululizo mingine wanaingia na kutoka kama kwenye stendi ya mabasi. Kosa kubwa zaidi ni kwamba hadithi inapanda juu mno. Ugonjwa uleule ulionifunga moyo unafunguliwa njia na nguvu za kimbingu: Eternity, kiumbe ambaye katika dunia ya Marvel ndiye ulimwengu wenyewe, anaingia ndani ya Ororo. Picha zinakuwa za ajabu kweli. Nyota zinamjaa mwilini. Lakini ukishakuwa ulimwengu wote, nani tena atakuuliza kuhusu mvua ya Meatu? Makao yake mapya yanaelea juu ya Atlanta. Nilitamani mtu amwite kutoka chini, kwa jina lake la nyumbani.

Hata hivyo naendelea kusoma, na sababu yangu si uvumilivu tu. Hadithi inayoendelea inaacha mlango wazi. Kitabu kikiisha bila kujibu swali, kimelikwepa. Mfululizo ukilichelewesha, bado naweza kusema labda toleo lijalo. Najua Marvel wanaishi kwa biashara ya hiyo "labda." Mkulima wa pamba naye anaishi kwayo, na hakuna anayemcheka kila Novemba anapopanda tena.

*

Mvua ilirudi wiki ya pili ya Februari, nyembamba, ya kuomba radhi. Pamba ikanyanyuka kidogo. Tulipouza, mkopo ukakatwa, zilizobaki zilitosha ada ya mdogo wangu na bati nne za jiko.

Siku moja baada ya mavuno Bibi aliniuliza habari za yule mwenye mvua. Nikafungua toleo la pili, nikakaa karibu yake kwenye mkeka, nikaanza kumsomea kwa Kisukuma, nikisema sauti zote mwenyewe, nikieleza pale picha isipojieleza. Nilijisikia kama mtafsiri wa banda la video. Nilipofika anapoambiwa kwamba mionzi inamuua, Bibi alinishika mkono nisifungue ukurasa mwingine.

"Kwa hiyo naye anaumwa."

"Anaumwa sana, Bibi."

Akafuta macho yake kwa ncha ya kanga, kama anavyofanya kila jioni kwa sababu ya moshi, akalisogeza uso kwenye simu.

"Na watu wa kule alikotoka," akasema, "wameshaambiwa?"

Nikamwambia bado hatujafika huko.

"Basi soma."